Baridi Isiyo ya Makete

Kwetu hakuna anayemuuliza mwenzake kama anasikia baridi.
Ni sawa na kumuuliza kama ana magoti.
Kwa hiyo Ezelina alipovaa sweta la pili,
na juu yake koti langu la kupasulia mbao,
nilisema, Juni imeingia.
Alipolivaa Oktoba, nikanyamaza.

Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya kuitia ng'ombe bondeni.
Ikanenepa, ikakwaruza kama msumeno uliokutana na fundo.
Viazi ndoo moja alivimenya hadi jua likahama dirisha.
Nikimwita, anageuka baadaye,
na mimi, mjinga wa kwanza Tandala nzima,
nikahesabu miaka ya ndoa, nikadhani nimechokwa.

Zahanati wakasema malaria,
huku kwetu, ambako mbu akipanda huja na sweta lake.
Duka la dawa wakasema damu chache, wakatuuzia chupa nyekundu.
Shemeji akasema kuna mtu. Mara zote kuna mtu.
Kwingine vipimo saba, karatasi saba,
kila moja imeandikwa hakuna kitu,
na hicho kisichokuwepo kinazidi kumvimbisha macho.

Aliyetuelekeza ni Luvanda, fundi cherehani,
baada ya kupima upya shingo ya gauni:
"Mmezunguka majengo. Tafuteni mtu.
Njombe yuko mama mmoja, bingwa wa magonjwa ya ndani,
amestaafu, lakini mikono haijastaafu.
Alimuuliza kaka yangu maswali mpaka kaka akakasirika,
na leo kaka anachimba viazi."
Bingwa wa ndani. Nililirudia neno hilo juu ya roli la mbao.
Ndani ni wapi?
Nimelala kando yake miaka kumi na tisa, sijafika.

Mlango wa kijani, nyuma ya duka la madaftari.
Dokta Mligo, miwani kwenye uzi,
redio ndogo ikinong'ona bei ya mahindi.
Hakuuliza, "Unaumwa nini?"
Aliuliza, "Zamani ugali wako ulichukua muda gani?"
Akauliza choo, hedhi, nywele zinazobaki kwenye kitana,
na kama ulimi unakaa mdomoni kama mgeni.
Akaomba kadi ya kupigia kura.
Akaishika kando ya shavu la mke wangu,
akatazama huku, akatazama kule, kimya,
na mimi nikaona kwa mara ya kwanza
kwamba walikuwa wawili.

Kisha akampigisha magoti kitini,
akatoa nyundo ndogo ya mpira,
akagonga nyuma ya kifundo, pale kwenye kano nene.
Unyayo ukaruka.
Halafu ukarudi polepole, polepole,
kama mtu aliyetoka nje akasahau alifuata nini.
"Umeona?" akaniuliza mimi, mpasua mbao.
Niliona.

"Hii si baridi ya Makete. Ni tezi, hapa shingoni.
Moto wake umefifia.
Damu itathibitisha, ila mguu umeshasema."
Kidonge kimoja, alfajiri, kabla ya chai,
leo na kesho na siku zote.
Nikauliza ada. Akataja.
Nilikuwa nimeandaa mara nne yake,
na aibu mara kumi.

Hakupona kwa wiki, sitaki kudanganya.
Wiki ya tano alicheka kitu redioni, akashtuka mwenyewe.
Juzi ukungu umelalia mashamba ya pareto,
nimerudi na mvua mgongoni, nikakuta dirisha wazi,
koti langu limetundikwa msumarini,
na sauti nyembamba ikanifokea kutoka jikoni:
nani amejaza kuni hivi, tunakaanga nyumba?

Nikasimama mlangoni nikitetemeka.
Baridi ilikuwa yangu peke yangu.